Muziki wa Jioni Katika Nyumba Zetu

Katika maandishi yetu juu ya muziki wa taifa tumezoea kuutazama muziki mahali penye watu wengi: ukumbini, uwanjani, harusini na katika sherehe za serikali. Ni nadra mhakiki kuufuata muziki hadi nyumbani, saa mbili za usiku, wakati mlango umekwisha kufungwa, chakula kimepakuliwa, na watoto wamekaa kuuzunguka mkeka au meza. Hata hivyo huko ndiko sikio la taifa linakofundishwa. Mtoto huhudhuria harusi chache kwa mwaka, lakini hula chakula cha usiku kila siku, na muziki anaousikia hapo, uwe mzuri au mbaya, ndio utakaomkaa. Katika makala haya twataka kuuliza swali ambalo huenda likaonekana dogo: nyumba ya leo itafute wapi muziki mpya wa wakati wa chakula na wa baada ya chakula, na iuchague kwa kipimo gani?

Swali hili halikuwapo kwa sura hii miaka hamsini iliyopita. Nyumba iliyokuwa na redio ilikuwa na redio moja, na redio hiyo ilikuwa na idhaa chache. Redio Tanzania Dar es Salaam ilichagua, nyumba ikasikiliza. Mwanamuziki mpya aliingia nyumbani bila kutafutwa, baada ya taarifa ya habari, na jirani naye alimsikia usiku uleule, hata kesho yake kazini au sokoni watu wakawa na jambo moja la kubishania. Sheria ya utangazaji ya mwaka 1993 ilipofungua mlango kwa vituo vya watu binafsi, uchaguzi uliongezeka. Na simu za mkononi za leo zimeufanya usiwe na mwisho. Lakini wingi wa vitu si uchaguzi. Mtu akiiandikia simu yake kwamba ataka muziki wa chakula cha jioni, aghalabu huletewa mlolongo wa piano na saksafoni usio na jina la mtu anayemjua wala lugha anayoielewa, kana kwamba nyumba yake ni mgahawa wa mji wa mbali; na mlolongo huo ukiisha, mwingine unaofanana nao huanza wenyewe. Hatusemi kwamba muziki huo ni mbaya. Twasema umetengenezwa usisikilizwe.

Wazungu wenyewe wamelifikiri jambo hili kwa muda mrefu. Mwaka 1733, katika mji wa Hamburg, mtunzi Georg Philipp Telemann alichapisha mkusanyo mkubwa aliouita muziki wa mezani, na watu zaidi ya 200 walijiandikisha kuununua. Ulikuwa muziki wa karamu za wenye nacho, lakini uliandikwa kwa uangalifu, hata leo hupigwa katika kumbi ambamo hakuna anayekula kitu. Karibu miaka mia mbili baadaye Mfaransa Erik Satie alitaka kinyume chake: muziki uwe kama kiti au pazia, uwepo tu, wala asiwepo wa kuushughulikia. Ulipopigwa Paris mwaka 1920, wakati wa mapumziko ya mchezo, watu waliokuwa wamesimama wakizungumza walirudi vitini wakanyamaza wapate kusikia, na Satie akawa anawahimiza waendelee na mazungumzo yao. Kisa hiki huchekesha, lakini kina jambo ndani yake. Mtu aliyefunzwa adabu akisikia chombo kinaanza hunyamaza. Imechukua miaka mingi ya vipaza sauti vya madukani na vya vyumba vya kungojea kumfundisha utovu wa adabu.

Kwetu pwani adabu hiyo ilikuwa na utaratibu wake. Vyama vya taarabu vya Unguja, na hasa Ikhwani Safaa kilichoanzishwa mwaka 1905, vilizoea kuufungua usiku kwa bashrafu. Bashrafu ni kipande kisicho na maneno, ambacho asili yake ni muziki wa Waturuki wa dola ya Uthmaniya, nacho kilitufikia kwa njia ya Misri. Kina sehemu kadhaa zinazotofautiana, na baada ya kila sehemu hurudi kibwagizo kilekile, mfano wa kituo kinachorudi mwishoni mwa kila ubeti wa shairi. Fidla, kanuni, nai, udi na akodiani hufuata njia moja ya sauti, kila kimoja kwa madaha yake. Dumbaki na rika hushika mwendo. Wakati huo watu huingia, hukaa, husalimiana kwa sauti ya chini. Mwimbaji bado. Neno huja baadaye, nyoyo zikiwa zimetulia.

Twaona katika desturi hii nusu ya jibu la swali letu. Wakati wa kula ni wakati wa bashrafu. Mdomo una kazi yake, habari za mchana zina nafasi yake, na muziki usio na maneno haushindani na mama anayeuliza mambo ya shule. Tena bashrafu haidai sauti kubwa. Ikipigwa kwa kiasi cha mtu kuweza kuisikia sahani ikiwekwa chini, bado umbo lake lote lasikika. Na mtoto aliyelizoea umbo hilo atakapofika kidato cha pili akaambiwa habari za vina na kituo, hataona ajabu, maana sikio lake limekwisha kujifunza kwamba kitu kizuri huenda mbali kisha kikarudi.

Nyumba isiyo na mapenzi na taarabu yaweza kuipata neema hiyohiyo katika ilimba ya Wagogo. Marehemu Hukwe Zawose, aliyefariki mwaka 2003, alikifikisha chombo hicho mbali sana, lakini twashangaa kuona kwamba wageni wengi wa Ulaya humjua kuliko vijana wa Dodoma. Ilimba yake kubwa, yenye vijino vingi vya chuma vilivyopangwa juu ya sanduku la mti, huzunguka mapigo machache bila kuchoka, na kila mzunguko hubadilika kwa kiasi cha punje. Anayekula huku akiisikia haondolewi katika mazungumzo. Anayenyamaza kidogo hukuta kwamba pale alipodhani pana marudio pana safari.

Je, baada ya chakula? Hapa ndipo tunapoachana na wale wanaodai kwamba muziki wa jioni ni muziki laini, basi. Ulaini ni sifa ya sauti, si sifa ya wimbo mzima. Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba aliyekwenda Bombay mwaka 1928 akarekodiwa katika santuri, aliimba wimbo mashuhuri uitwao Kijiti. Mwenye kuusikia kwa mbali, tuseme mtu aliye jikoni akiosha vyombo, huenda akadhani kwamba ni wimbo wa mapenzi kama zilivyo nyingine. Kumbe habari yake ni mauaji: mwanamke mgeni alialikwa matembezini akauawa, mwuaji akatoroka akapona, na mkono wa mahakama ya zama zile ukawaangukia wanawake waliokuwa mashahidi. Wimbo huo ulikuwa gazeti la wasiosoma na rufaa ya wasio na wakili. Bi Kidude, aliyefariki mwaka 2013, aliendelea kuuimba miaka mingi baada ya Siti mwenyewe kufariki mwaka 1950, na kwa hiyo wimbo umeishi kuliko hakimu, kuliko mtuhumiwa, na kuliko serikali iliyomwajiri hakimu. Sasa tujiulize: nyumba inayoupiga wimbo huo kama pazia, watu wakicheka na kupokezana bakuli la mchuzi juu ya maiti ya mwanamke yule, imeupata wimbo au imeukosa? Sisi twasema imeukosa, na zaidi ya kuukosa imemvunjia heshima aliyeutunga.

Wimbo wa taarabu umeundwa ili usikosekane. Aghalabu beti zake ni za mishororo mitatu, na mara nyingi mshororo una mizani kumi na sita iliyokatwa katikati, nane kwa nane. Mwimbaji huurudia mshororo, pengine zaidi ya mara mbili, kabla ya kwenda mbele, na vyombo hujibu kila anapopumua. Wako wanafunzi wanaoudhika na marudio hayo, wakasema wazee walikuwa na muda wa kupoteza. Marudio hayo ndiyo nafasi ya msikilizaji. Mshororo wa kwanza husikika kwa sikio, wa marudio husikika kwa akili. Na neno lenye maana mbili, ambalo ndilo tonge la taarabu, halimezeki kwa mara moja. Santuri za zamani zilizozunguka mara 78 kwa dakika zilibeba kiasi cha dakika tatu tu kwa kila upande, na kwa sababu hiyo zilimlazimisha mwimbaji kufupisha. Kanda zilizokuja katika miaka ya 1970 zilimrudishia urefu wake. Simu ya leo haina mpaka wa urefu, lakini imemletea msikilizaji kidole cha kuruka mbele. Kidole hicho, kwa maoni yetu, kimeiharibu taarabu kuliko kinanda cha umeme.

Tumekitaja kinanda cha umeme, basi tuseme na jambo lake. Taarabu ya kisasa iliyovuma Bara tangu miaka ya 1990, pamoja na mipasho yake, si muziki wa kudharauliwa. Bibi Khadija Kopa ana ulimi ambao malenga yeyote angeuonea wivu, na mtu asiyekubali hivyo hajamsikiliza. Lakini mpasho hutaka ukumbi. Hutaka mwanamke anayeinuka na kwenda mbele kutunza huku akimtazama mwingine aliyekaa. Hutaka mpasuaji na mpasuliwa. Ukipigwa katika chumba ambamo wamo baba, mama, bibi na watoto watatu, haujulikani umlengaye nani, na mara nyingi humwangukia mkwe aliye kimya. Tumesikia watu wakiulaumu mpasho kwa matusi. Sisi lawama yetu ni nyepesi zaidi: umetolewa mahali pake. Singeli nayo, yenye mapigo zaidi ya mia mbili kwa dakika, ni furaha ya uwanja wa mtaani. Asiyeamini ajaribu kula wali kwa mwendo huo.

Muziki wa dansi ni habari nyingine, na wazee wengi wangependa tuanze nao. Nyimbo za bendi zetu kubwa, mathalani Mlimani Park iliyoanza mwaka 1978, hujengwa kwa sehemu mbili. Kwanza huja masimulizi: sauti mbili tatu zikipatana, magitaa yakisukana taratibu, kisa kikielezwa cha mume asiyerudi au cha ndugu waliogombania mali. Kisha huja chemko, tarumbeta zikaingia, na hapo miguu haina budi kuitika. Sehemu ya kwanza ni muziki wa nyumbani uliokamilika, wenye mafunzo ya lugha ndani yake. Sehemu ya pili hutaka sakafu. Tunaijua nyumba moja ambamo baba hukizima chombo kila chemko linapoanza, akidai kwamba kisa kimekwisha. Wanawe humnung'unikia, nasi tuko upande wao. Wimbo ni mmoja, na mtu akicheza kidogo baada ya kula hakudhuriki.

Tumezungumza sana juu ya vya kale. Msomaji kijana atasema: nimeahidiwa muziki mpya, mbona naletewa makumbusho? Wahenga walisema kipya kinyemi kingawa kidonda, nasi twakiri kwamba methali hiyo ina kejeli zaidi kuliko sifa. Lakini upya tunaoutafuta ni upya wa sikio. Santuri ya mwaka 1928 ni mpya kwa mtoto ambaye hajapata kuisikia, na wimbo uliotolewa jana ni mkongwe ikiwa mapigo yake yamenakiliwa kutoka wimbo wa juzi. Saida Karoli wa Kagera alipovuma mwanzoni mwa miaka ya 2000 kwa nyimbo za Kihaya, nyumba za Tanga na Mtwara zilimpokea bila ya kujua neno moja katika kumi. Upya wake ulikuwa katika sauti iliyokuwa haijapata kupita huko, juu ya ngoma ambazo Wahaya walizijua tangu zamani.

Katika kazi za miaka ya karibuni tutazitaja chache tu, zile tulizozisikiliza kwa utulivu wa jioni. Mwaka 2020 Siti Muharam, kitukuu cha Siti binti Saad, alitoa albamu ya nyimbo za hazina ya taarabu ya kale. Sauti yake haimwigi bibi yake, na hilo ni jambo la kumshukuru. Ana ukavu fulani mwishoni mwa mshororo, kama mtu anayelijua jambo na hataki kulimaliza. Kazi ya udi ni nzuri, na kunyamaza kunako kati ya mapigo kumepewa haki yake. Lakini wataalamu wa studio wameongeza mwangwi na sauti nzito za chini, ambazo mahali pengine humeza silabi. Msikilizaji wa Ulaya hatapoteza kitu kwa hilo, kwa kuwa silabi hizo hakuwa nazo. Msikilizaji wa Makunduchi atapoteza, naye ndiye mwenye wimbo. Twaipendekeza albamu hii kwa moyo mweupe, pamoja na kuinamia spika kidogo.

Siti Amina na wenziwe wa Siti and the Band, ambao albamu yao ya mwaka 2018 huchanganya taarabu na miziki ya nje, wana nguvu zaidi jukwaani kuliko katika chumba. Mtu aanze nao akiwa amemaliza kula na hana usingizi. Rajab Suleiman, mpigaji wa kanuni, pamoja na kundi lake la Kithara, ndiye tungemweka wa kwanza kwa wakati wa chakula chenyewe. Kanuni yake haiharakishwi na mtu. Nyuzi zikigongwa haraka namna gani, utulivu uko palepale chini yake, mithili ya maji ya kisima yanayotikisika juu tu. Na kutoka Bagamoyo, Pendo na Leah Zawose, binti na mjukuu wa Hukwe, walitoa albamu yao ya Maisha mwaka 2024. Katika kundi la familia walikuwa waitikiaji, sasa wanaongoza. Sauti za kike za Kigogo zinapopishana, moja ikishuka mahali nyingine inapopanda, mtu hushindwa kuamua ni mbili au ni nne. Zipo nyimbo katika albamu hiyo ambazo vyombo vya umeme vimeingizwa bila haja. Zile zilizoachiwa ilimba, zeze na makofi ndizo za kurudiwa.

Mtu atauliza: yeye aliye mbali na studio na ukumbi atayapataje majina ya namna hii? Shauri letu ni kwamba amfuate mpigaji, asifuate orodha. Akimpenda mwimbaji, atazame ni nani aliyempigia fidla au udi, kisha amtafute huyo katika kazi nyingine. Kwa mfano, mtu akianza na albamu ya Siti Muharam atakutana na Mohamed Issa Matona, na Matona atamfikisha katika taarabu ya Unguja yenye fidla na udi halisi. Akitoka hapo kwenda Mombasa atamkuta marehemu Zein l'Abdin, aliyefariki mwaka 2016, ambaye kwa udi na sauti yake, pamoja na ngoma chache, aliwabebea washairi wa Lamu na Mvita maneno yao bila ya kumwaga hata tone. Hiyo ni safari ya majuma kadhaa ya jioni, na hakuna mashine iliyoipanga. Tamasha la Sauti za Busara, linalofanyika Unguja tangu mwaka 2004, hutangaza majina ya washiriki wake mapema. Hata asiyekuwa na nauli aweza kuyachukua majina hayo akayatafuta nyumbani. Na yupo shangazi, au mjomba, mwenye sanduku la kanda chini ya kitanda. Kanda huharibika kwa joto na ukungu. Aulizwe mwaka huu.

Lipo pia jambo la fedha, ambalo washairi huona haya kulitaja. Wimbo unaposikilizwa kwa njia ya simu, mwenye wimbo hupata sehemu ndogo mno ya malipo, pengine chini ya senti moja ya Kimarekani kwa kila msikilizaji. Mpigaji wa kanuni aliyejifunza chombo chake kwa miaka kumi hawezi kununua seti moja ya nyuzi kwa usikivu wa mtaa mzima. Nyumba inayompenda yafaa imwalike: ikinunua albamu yake nzima, au ikikusanya fedha na majirani wanne ili wapigaji watatu waje barazani usiku mmoja, itakuwa imelipa zaidi ya mwaka mzima wa kusikiliza bure. Desturi ya kuwaita wapigaji nyumbani ni yetu ya tangu zamani.

Walimu wa shule za bweni wana bahati ambayo wenye nyumba hawana, kwa kuwa bwalo lao lina watu mia tatu na saa maalumu ya chakula. Mwalimu wa Kiswahili aweza kuomba dakika thelathini za usiku mmoja katika juma. Wanafunzi wakiwa wanakula, apige bashrafu au ilimba, kwa sauti ndogo, asiseme kitu. Sahani zikishaondolewa, apige wimbo mmoja tu wenye maneno, mzima, bila kuukata; kisha awape karatasi waandike mshororo wanaoukumbuka. Watatofautiana. Mmoja atasikia "moyo", mwingine "mwoyo", wa tatu ataapa kwamba neno lilikuwa "mwiko". Hapo asiwape jibu. Aupige ubeti ule tena.